Darasa la Wanaume la Kucheza Ibadani, Changamwe: Tathmini ya Mshiriki

Katika ukumbi wa kanisa moja upande wa Changamwe kuna darasa la jioni linalowafundisha wanaume watu wazima kucheza wakati wa ibada. Si mazoezi ya kwaya, wala si mazoezi ya kupunguza kitambi, ingawa wapo waliojiunga kwa sababu hiyo ya pili na hakuna aliyewafukuza. Mwalimu wake ni mtu wa makamo ambaye, kabla ya kuwa kiongozi wa sifa kanisani kwake, alikuwa mchezaji katika kikundi cha ngoma za asili kilichotumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani ya kaskazini, na historia hiyo inaonekana katika ufundishaji wake, kwa mema na kwa mabaya. Nimehudhuria msimu mzima kwa ada niliyoitoa mfukoni mwangu, nami ninawaandikia wanaume wa Mombasa, pamoja na wake zao na mabaraza ya makanisa yao, wanaojiuliza kama darasa hili linafaa. Maoni yangu ni kwamba linafaa, lakini kwa sababu ambayo tangazo lake halikuitaja.

Tangazo hilo, lililobandikwa kwenye mbao za makanisa kadhaa, linaahidi kumwondolea mwanamume haya ili acheze kama Daudi. Anayeliamini atadhani kwamba ugonjwa wa wanaume wetu ni woga. Sioni hivyo. Wanaume hawa hawa wanaosimama ibadani mikono imefungwa kifuani ndio wanaoonekana Jumamosi kwenye harusi wakicheza mpaka jasho linapenya koti, na wakati wa kampeni hucheza barabarani mchana kweupe nyuma ya gari la mgombea. Kinachowatatiza kanisani ni kwamba kila mchezo uliopo pale una wenyewe tayari. Wasichana wana riboni zao na hatua zao za maandamano ya matoleo. Akina mama wana leso, vigelegele na mzunguko wao ambao haujawahi kuandikiwa ratiba na mtu yeyote. Vijana wana sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa hukazwa na miguu ikafuata. Mzee wa miaka 55, mwenye shati la kitenge na miwani mfukoni, akijiunga na kundi lolote kati ya hayo huonekana ama anawaiga mabinti ama anajitafutia ujana uliokwisha kwenda, na kwa hiyo hubaki na yale mawili aliyoachiwa: kupiga makofi, na kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

Hali hii ina umri mrefu. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akafungua kituo Rabai. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yalianzishwa upande wa Kisauni mwaka 1875. Ukristo wa mji huu ulikulia katika vituo vya namna hiyo, ambamo ngoma za wenyeji zilihesabiwa kuwa kitu kimoja na matambiko na tembo la mnazi, na aliyebatizwa alitakiwa kuviacha vyote kwa pamoja. Mwanamume akabakiwa na kusimama wima. Mwili wa kiume uliokubalika kanisani na shuleni ulikuwa mwili wa gwaride, na sishangai kwamba mwishoni mwa karne ya 19, wanaume wa pwani hii walipotaka ngoma mpya ya kujionyeshea, walibuni beni, yenye tarumbeta, sare na hatua za kijeshi. Tangu wakati huo ni mabaraza machache sana ya makanisa yaliyokaa kitako yakauliza mwanamume afanye nini na miguu yake inaposomwa Zaburi ya 149, ambayo inaagiza jina la Bwana lisifiwe kwa kucheza na haikubagua kati ya mume na mke.

Darasa linaanza na miguu, na kwa vipindi kadhaa haliendi kwingine. Hakuna muziki wa spika wala ngoma kubwa. Kuna kayamba moja tu, ambayo mwalimu huitikisa taratibu huku wanaume wakitembea ukumbini kwa mwendo wake, wakikumbushwa kwamba goti lilegee, kisigino kiguse sakafu bila kuipiga, na pumzi isizuiliwe. Mtu asiyejua atadhani anapoteza ada yake. Baada ya muda huanza kuelewa kwamba mwanamume aliyekakamaa magoti hulazimika kuusogeza mwili wote kwa pamoja, na hapo ndipo unapotoka ule mchezo wa kubabaika tunaouona kila Jumapili; goti likilegea, mdundo hupanda wenyewe hadi kifuani bila mtu kuufuata mbio. Mabega huja baadaye, na hapa mwalimu yuko nyumbani kabisa, maana ngoma za Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda hukaa sana mabegani, na mtu anayeweza kuyatikisa mabega huku kiuno kimetulia anaweza kucheza mbele ya mama mkwe wake bila yeyote kutafuta pa kutazama.

Mwalimu ana jicho kali. Hamsahihishi mtu mbele ya wenzake; hupita karibu, humgusa kiwiko, akasema neno moja, akaenda zake. Nimeona mafundi wa kazi nyingi wasioweza kufundisha kile wanachokijua, na ninakiri kwamba nilitarajia mtu wa hoteli awe wa aina hiyo, mwenye tabasamu la watalii na haraka ya kumaliza. Katika hili la kufundisha mwili ni mwalimu hasa.

Kitu kilichonifanya niandike kwa urefu, hata hivyo, ni mwendo wa polepole anaoujenga katika nusu ya pili ya msimu. Yeyote aliyehudhuria Maulidi ya Lamu, au harusi ya Waswahili yenye kufuata mila, ameliona goma: wanaume waliovaa kanzu hujipanga safu, kila mmoja na bakora yake, na safu nzima huyumba, huinama na kuinuka kwa pamoja, kwa utulivu ambao mgeni anaweza kudhani ni uvivu. Hakuna anayeharakisha. Mzee wa miaka 70 hapunguziwi chochote katika goma, kwa kuwa ngoma yenyewe imepimwa kwa kimo chake, na kijana anayeingia ndiye anayetakiwa kujizuia. Wakristo wa Mombasa tumekuwa tukiishi jirani na jambo hili kwa vizazi, tukaendelea kusema kwamba mzee wa heshima hachezi.

Mwalimu haimbishi nyimbo za goma wala hagawi bakora. Alieleza mapema kwamba mambo hayo yana wenyewe na yana mahali pake, na kwamba anachoazima ni kasi na mpangilio tu. Safu ya wanaume husimama bega kwa bega, ikasogea hatua moja mbele katika kila mstari wa wimbo, ikarudi nusu hatua kwenye kiitikio, na mikono ikainuka pamoja mahali pamoja. Wimbo unaweza kuwa ule ule wa kitabuni ambao kanisa limeuimba miaka yote. Ukiutazama kutoka kwenye viti, hutaona mchezaji hata mmoja aliyejitokeza kuliko wenzake, na nadhani hiyo ndiyo siri yake: mwanamume anayeogopa kutazamwa peke yake hatazamwi peke yake, na anayependa kutazamwa hapati nafasi. Kijana mmoja aliwahi kupendekeza kwamba waongeze kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, ili kuchangamsha. Mwalimu akamjibu, “Kaka, kirumbizi kinataka wawili washindane. Hapa wewe utashindana na nani?” Hoja ikaisha hapo.

Niongeze kwamba darasa halikufungwa ndani ya mila za pwani peke yake, na kwa mji huu lisingeweza kufungwa. Waumini wa Changamwe, Mikindani na Magongo wengi wao ni watu wa bara waliofuata kazi za bandari, reli na viwanda, na mshiriki mmoja mwenye asili ya Kakamega aliombwa atuonyeshe namna isukuti inavyochezwa kwao. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ukiisikia mapigo yake ndani ya ukumbi wenye bati hutauliza kwa nini watu hawataki ipotee. Mwalimu aliifurahia, akaichukua hatua moja ya mabega, kisha akairudisha safu kwenye utulivu wake. Ningependa angeiacha iendelee kidogo. Darasa linaegemea sana upande wa ukimya, na wapo wanaume, hasa wale wa chini ya miaka 30, ambao furaha yao haina budi kuruka.

Sasa nije kwenye udhaifu mkubwa, nao si wa miguu. Kila kipindi hufunguliwa kwa dakika chache za Neno, na Neno lenyewe karibu kila mara ni lile la 2 Samweli 6, Daudi akicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote akiwa amevaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, na Mikali binti Sauli akimdharau kutoka dirishani. Ni andiko zuri, na lina haki ya kusomwa. Tatizo ni kwamba hutumiwa kuwanyamazisha watu. Mzee mmoja, mtu mpole kutoka kanisa ambalo kucheza si desturi, aliuliza kwa heshima zote: “Mwalimu, na wale waliocheza mbele ya ndama ya dhahabu, tuwaweke wapi?” Mwalimu akacheka, akasema, “Mzee wangu, usije ukawa Mikali.” Ukumbi mzima ukacheka. Mzee huyo sikumwona tena darasani, na sidhani ni magoti yaliyomzuia.

Swali lake lilistahili jibu, tena jibu lipo. Kutoka 32 inaonyesha wazi kwamba watu wanaweza kucheza kwa moyo wote mbele ya kisichostahili, kwa hiyo kucheza peke yake hakumthibitishi mtu kuwa katika ibada ya kweli. Sura ile ile ya Daudi, kabla ya kucheza kwake, inasimulia kifo cha Uza, aliyelishika sanduku la Mungu ng'ombe walipojikwaa; Daudi aliogopa, akaliacha sanduku nyumbani kwa Obed-edomu kwa muda wa miezi 3, na aliporudi kulichukua alitoa dhabihu waliolibeba walipokwenda hatua 6 tu. Aliyecheza pale alikuwa mtu aliyekwisha kuonja hofu ya mahali anapokanyaga. Anayeisoma sura nzima atapata sababu nzuri zaidi ya ule mwendo wa polepole kuliko zote ambazo mwalimu amewahi kuzitoa, na inasikitisha kwamba ameishika nusu ya andiko ilhali nusu nyingine ndiyo inayomtetea. Vilevile ingefaa isemwe waziwazi kwamba mara nyingi Maandiko yanapotaja wachezaji ni wanawake, Miriamu na matari yake katika Kutoka 15, na wale waliompokea Sauli kwa nyimbo na kucheza katika 1 Samweli 18. Mwanamume anayeambiwa kwamba Biblia imejaa wanaume wachezaji ataifungua, ataikuta haikujaa, na atamtilia shaka mwalimu hata pale aliposema kweli.

Udhaifu huu una madhara ya kawaida kabisa, kwa sababu washiriki wanatoka madhehebu tofauti na watarudi kwenye mabaraza tofauti. Kwa Mkatoliki, kwa mfano, jambo hili lina maelekezo yaliyoandikwa: waraka wa Vatikani wa mwaka 1994 kuhusu liturujia na tamaduni unatambua kwamba kwa watu wengine kuimba huandamana na makofi, kuyumba na miondoko ya kucheza, na unaviruhusu mradi viwe sala ya pamoja, visiwe maonyesho. Misale, yaani kitabu cha Misa, ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988, inampa padre na wahudumu nafasi ya kuizunguka altare kwa kucheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Mwanamume wa parokia ya Mombasa akijua hayo ataweza kuzungumza na paroko wake kwa utaratibu, badala ya kumshtua Jumapili wakati wa matoleo. Mwanglikana na Mlutheri nao wana taratibu zao za kufuata, na kwa Mpentekoste ambaye kanisani kwake kila mtu anacheza, kazi ni kinyume chake, maana yeye anahitaji kumshawishi mchungaji kwamba utulivu nao ni sifa. Hakuna hata kipindi kimoja kilichotengwa kuyazungumzia mambo haya. Kimoja kingetosha.

Kuhusu mahali penyewe sina mengi. Ukumbi una joto, na Mombasa kati ya Januari na Machi joto si neno dogo. Pangaboi zipo lakini si zote zinazozunguka, na anayesimama nyuma ya nguzo hapati upepo wowote. Spika inayotumika katika vipindi vya mwisho hukwaruza. Maji ya kunywa lazima uyalete mwenyewe. Wazee wenye maumivu ya magoti huruhusiwa kufanya sehemu kubwa wakiwa wameketi, na hilo nimeliona likifanyika bila kumfanya mtu ajisikie mzigo.

Kuna jambo moja ambalo waandaaji wanapaswa kulikomesha mara moja. Msaidizi wa mwalimu hurekodi mazoezi kwa simu, kisha vipande huonekana kwenye WhatsApp kama matangazo ya darasa, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Mshiriki mmoja, mwalimu wa shule, alionyeshwa na wanafunzi wake namna anavyojikwaa katika kipindi chake cha kwanza. Yeye alilichukua kwa ucheshi. Mwingine asingelichukua hivyo, na huwezi kumwambia mwanamume kwamba humu ndani hatazamwi peke yake, kisha ukampeleka kwenye simu za mtaa mzima.

Matokeo yake kanisani yanategemea sana kanisa lenyewe. Kwetu, upande wa Kisauni, wanaume wachache waliopitia darasa hili waliomba ruhusa ya mchungaji na wakapewa wimbo mmoja, ule wa kupeleka matoleo. Walisogea kwa safu, polepole, wakiwa na mashati yao ya kawaida, na wimbo ulipofika kiitikio wazee wawili ambao hawakuwahi kufika Changamwe wakatoka kwenye viti vyao wakaingia mwishoni mwa safu, kwa kuwa hatua zenyewe zilikuwa rahisi kushika. Akina mama walipiga vigelegele, na baada ya ibada mmoja wao akaniambia, “Baba Neema, leo mmetuchelewesha, lakini mmetuchelewesha vizuri.” Katibu wa baraza, kwa upande wake, alilalamika kuhusu muda, na alikuwa na haki, kwani mwendo huu unaongeza dakika kadhaa kwenye matoleo na kanisa lenye ibada mbili asubuhi halina dakika za kuchezea. Anayepanga kuuleta kanisani kwake apunguze beti kabla ya kupunguza hatua.

Kuna wanaume ambao nisingewashauri waende. Kijana anayetafuta hatua za sebene atachoka mapema, na atafundishwa vizuri zaidi na wenzake wa bendi ya kanisa. Kiongozi wa kwaya anayetaka mtindo mpya wa kuonyesha kwenye mashindano naye hatapata anachokitaka, kwa sababu mwendo huu haupendezi kwenye video; unahitaji ukumbi, watu, na wimbo unaojulikana na wote. Linamfaa mwanamume wa kuanzia miaka 40 hivi, anayelipenda kanisa lake na ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiimba kwa mdomo huku mwili uliobaki ukingoja ibada iishe. Linafaa zaidi wakienda wawili au watatu wa kanisa moja, kwani safu ya mtu mmoja si safu.

Ada ni shilingi 300 kwa kipindi, hulipwa kwa M-Pesa, na anayelipia msimu mzima kwa mkupuo hupunguziwa. Wastaafu hulipa nusu, ingawa hilo halikuandikwa popote na ni lazima uulize. Kuna vikundi viwili, cha jioni katikati ya wiki na cha Jumamosi alasiri. Cha jioni kina watu wachache na mwalimu hupata muda wa kila mmoja, lakini huchelewa kumalizika, na kwa mtu anayerudi Likoni hiyo ina maana ya kufika kivukoni wakati foleni ya feri imekwisha kujaa wanaotoka kazini. Anayeishi ng'ambo achague Jumamosi, na afike mapema ili asisimame nyuma ya nguzo.